Hupigwi Shoti ya Umeme: Ijue Tiba ya Shoki Wevu Kabla Hujalipia

Mjomba wangu alinipigia simu usiku saa nne, na mjomba huwa hapigi simu saa hizo, moyo ukanilipuka nikajua kuna msiba. Kumbe hamna. Akazunguka weee, akauliza mvua, akauliza watoto, akauliza bei ya mafuta, mwisho akashusha sauti, "Mjomba, wewe si ndo unatengeneza zile mashine za hospitali? Hivi hii ya kupigwa shoti kule chini ili nguvu zirudi ni kweli? Haiwezi kuniunguza?"

Alikuwa ameona tangazo kwenye simu. Miaka 58, dereva wa malori mstaafu, ana mke anayempenda, na mwaka mzima jogoo hapandi mtungi na hajamwambia mtu. Nimeamua kuandika kwa sababu baada ya ile simu nikaanza kusikiliza vijiweni, nikagundua watu wengi wanaamini kabisa kwamba hii tiba, inayoitwa shoki wevu (kwa Kiingereza shock wave), ni umeme, yaani unabandikwa nyaya unapigwa shoti kama mtu aliyegusa swichi na mkono umelowa. Wengine wanasema ni dawa ya kila kitu, wengine wanasema ni utapeli mtupu. Wote wanakosea mahali, ngoja tuanze mwanzo.

Kwanza hili neno "nguvu za kiume" lenyewe linatuchanganya. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani tumelitwika kila kitu. Anayewahi kufika kileleni anasema hana nguvu za kiume, asiye na hamu na mkewe anasema hivyo hivyo, asiyepata mtoto naye wanamsema hivyo hivyo. Hayo ni matatizo tofauti kabisa na tiba zake hazifanani. Ninachozungumzia hapa ni kimoja tu, uume kushindwa kusimama, au unasimama unalegea kabla ya tendo kuisha, na hali hiyo inajirudia kwa miezi, tuseme kuanzia mitatu hivi. Ukishindwa siku moja umetoka safari umechoka au umelewa, huo sio ugonjwa. Shoki wevu inagusa hilo moja tu, tena sio kwa kila mtu, kwa hiyo kama shida yako ni kuwahi au ni mbegu, hela yako ibaki mfukoni.

Sasa uume unasimamaje? Hamna mfupa mle, hamna na msuli wa kunyanyua kama wa mkono. Kuna mirija miwili ya nyama laini yenye vishimo vishimo kama sponji, imefunikwa kwa ngozi ngumu ya ndani. Fikiria baiskeli, tyubu iko ndani na tairi liko nje. Ukipata hamu, neva zinatoa gesi inaitwa nitriki oksidi, mishipa inayoleta damu inalegea inafunguka, damu inajaa kwenye sponji kama upepo unavyojaa kwenye tyubu. Tyubu ikishajaa inabana kwenye tairi, na ile mishipa midogo ya kurudisha damu iko katikati hapo, inabanwa inafungwa, damu haitoki. Ndo kusimama huko. Ukiielewa hiyo baiskeli umeelewa karibu kila kitu, maana matatizo yanakuja kwa njia chache tu: pampu haileti upepo wa kutosha, yaani mishipa ya damu imeziba au imekakamaa, au valvu inavuja, yaani ile mishipa ya kurudisha damu haifungi vizuri, au waya wa amri umekatika, yaani neva, au mwendesha baiskeli mwenyewe ana mawazo, ana hofu, ana deni, amegombana na mkewe.

Hizo dawa za vidonge kama Viagra, iliyoruhusiwa Marekani Machi 1998, zinafanya kazi hapo kwenye nitriki oksidi, zinasaidia njia ibaki wazi muda mrefu. Na mwaka huo huo 1998 wanasayansi watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Nobel kwa kugundua kazi ya hiyo gesi kwenye mishipa. Lakini kidonge hakirekebishi bomba, kinalifungua kwa masaa kisha linarudi lilivyokuwa. Ndo maana shoki wevu ilipokuja watu walishtuka kwa furaha, kwa sababu ahadi yake ni tofauti, inasema itarekebisha bomba lenyewe.

Haya, shoki wevu ni nini basi? Ukiweka kwa Kiswahili ni mawimbi ya mshtuko, na hapo ndo mkanganyiko ulipozaliwa, mtu akisikia shoki anasikia shoti. Hamna umeme unaoingia mwilini. Ni msukumo, ni ndugu yake sauti. Waliokuwa Dar wakati mabomu yalipolipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 hawahitaji maelezo marefu, bomu lilipuka kule, vioo vya madirisha vikavunjika huku, nyumba ambayo hakuna hata kipande cha chuma kilichoifikia. Kilichofika pale dirishani ni hewa iliyosukumwa ghafla kwa kasi kubwa kuliko sauti. Hiyo ndo shoki wevu, na ndugu zetu walipotea siku zile, siusemi huu mfano kwa mzaha. Madaktari wamechukua kitu kile kile wakakifanya kidogo sana, kidogo kiasi cha kupita kwenye nyama bila kuichana.

Na haikuanzia kwenye uume. Kampuni ya ndege ya Dornier ya Ujerumani ilikuwa inachunguza kwa nini matone ya mvua yanaharibu ndege inayokwenda kasi kuliko sauti, wakajikuta wanajifunza jinsi msukumo unavyosafiri ndani ya vitu vigumu. Februari 1980 huko Munich mgonjwa wa kwanza akavunjwa mawe ya figo kwa mawimbi hayo bila kupasuliwa, na leo hospitali nyingi duniani zinafanya hivyo. Baadaye ikaonekana kwamba mawimbi hayo hayo yakipunguzwa nguvu sana hayavunji kitu, ila yanaukera mwili kidogo na mwili unajibu. Mwaka 2004 watafiti wa Japan walichapisha kazi ya nguruwe ambao misuli ya moyo wao ilikuwa inakosa damu, wakapigwa mawimbi mepesi, damu ikaongezeka na moyo ukafanya kazi vizuri zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ule msukumo mdogo unazifanya seli zitoe vichocheo vya kuotesha mishipa mipya midogo ya damu. Mkulima wa kahawa anajua, ukiukata mbuni uliozeeka unachipua upya kutoka chini. Hapa hukati, unagusa tu, lakini wazo ni hilo, kuuamsha mwili uchipue.

Mtu akafikiria, kama moyo unachipua, kwa nini na huku kwingine kusichipue? Mwaka 2010 kundi la daktari Yoram Vardi huko Haifa, Israel, walitoa ripoti ya wanaume 20. Utaratibu wao ndo umekuja kuigwa sehemu nyingi, na nauelezea hapa kwa kina kwa sababu ndo kitu mjomba alichokuwa anakiogopa. Unalala chali, unapakwa jeli ya baridi, ile ile ya ultrasaundi. Kichwa cha mashine kinagusishwa kwenye ngozi, sehemu tatu kwenye uume na mbili kule unapoanzia, kushoto na kulia, kila sehemu mapigo 300, jumla 1,500. Mashine inalia tak tak tak tak, mapigo mawili kila sekunde, ukipiga hesabu ni kama dakika 12 na nusu za mapigo, ukiweka na kuhamisha kichwa dakika ishirini umeshavaa suruali. Hamna ganzi, hamna sindano, unasikia kama unadonolewa na kidole cha mtoto. Mara mbili kwa wiki, wiki tatu, unapumzika wiki tatu, unarudia wiki tatu tena. Wiki tisa, vikao kumi na mbili.

Wengi wa wale 20 walipata nafuu, nusu yao wakaacha vidonge. Lakini ripoti ile haikuwa na kundi la kulinganisha, na kwenye mambo ya kitanda hilo ni tatizo kubwa. Mwaka 2012 wakarudia na wanaume 60, baadhi wakapigwa mawimbi ya kweli, wengine wakapigwa na kichwa cha bandia kinacholia tak tak vile vile ila hakitoi kitu, na wenyewe hawajui. Kuna dodoso la kupima kusimama lenye alama 30. Waliopata mawimbi ya kweli walipanda wastani wa alama 6.7. Waliopata bandia walipanda alama 3.0.

Hebu itazame hiyo 3.0 kwanza. Watu hawakupewa kitu chochote na bado walipata nafuu. Ndo plasibo hiyo, na sio kwamba walidanganya, kwa kweli walisimamisha vizuri zaidi, kwa sababu matumaini yanashusha hofu na hofu ni adui mkubwa wa kusimama. Kwa hiyo rafiki yako akikuambia "mimi nilienda nikapona" anaweza kuwa anasema ukweli mtupu na bado mashine isiwe ndo iliyomponya. Kwa kawaida wataalamu wanataka kuona kama alama nne hivi ndo waseme mtu ameona tofauti ya maana, kwa hiyo 6.7 ilikuwa habari njema. Ila mwaka 2017 watafiti wa Denmark wakachapisha jaribio la wanaume 126, mashine ya aina nyingine na vikao vichache, wakakuta hakuna tofauti ya maana kati ya mawimbi ya kweli na ya bandia. Tangu hapo utafiti umekuwa hivyo hivyo, mmoja unasema ndio, mwingine unasema hapana, mashine tofauti, mapigo tofauti, wagonjwa tofauti. Ukiziunganisha pamoja nyingi zinaonyesha faida, ndogo au ya wastani, hasa kwa mtu ambaye shida yake ni mishipa ya damu na haijawa kubwa sana, yule ambaye vidonge bado vinamfanyia kazi.

Ndo maana hata wakubwa hawasemi kitu kimoja. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2018, kilisema tiba hii ihesabiwe bado iko kwenye majaribio. Wenzao wa Ulaya wameilegezea kidogo, wanasema inaweza kutumika kwa mwenye tatizo dogo la mishipa aliyeelezwa vizuri, ila wenyewe wanakiri ushahidi ni dhaifu. Kwa hiyo ukiona tangazo limeandikwa "tiba iliyothibitishwa asilimia mia", huyo ameshakudanganya kabla hujafika mapokezi.

Sasa nije kwenye eneo langu, mashine. Nilimwambia mjomba anitumie picha ya kile kifaa kwenye Whatsapp. Akanitumia, kopo la mkononi kama bastola nene, mpira wa hewa unaenda kwenye boksi. Nikakaa chini. Ile mashine naijua, nimeshaifungua nyingine kama hiyo ya idara ya mazoezi tiba, wanaitumia kwa wenye maumivu ya kisigino. Ndani ya lile bomba kuna kipande cha chuma kidogo kama risasi, kompresa inakirusha kwa upepo, kinakwenda kugonga kichwa cha mbele, kichwa kinagonga ngozi. Nyundo na patasi, basi. Ukiitumia sana kile chuma kinaliwa na mipira yake inachoka, unabadilisha. Msukumo wake unaanza kwa nguvu kwenye ngozi na unasambaa unafifia kadiri unavyoingia ndani, wataalamu kwa Kiingereza wanaita "radial", hapana sio redio ya kusikiliza, ni kwa maana ya kusambaa kutoka sehemu moja, nami nitaita mawimbi ya kusambaa ili tusichanganyane.

Mashine ya shoki wevu ya kweli inazaa msukumo kwa njia nyingine. Kuna inayotumia cheche ndani ya maji kama plagi ya pikipiki, kuna yenye koili na utando kama spika, kuna yenye fuwele kama zile za kiberiti cha gesi unachobonyeza kikatoa cheche. Halafu mawimbi yanakusanywa yakutane sehemu moja ndani ya nyama, kama ulivyokuwa unakusanya jua kwa lenzi ukiwa mtoto unachoma karatasi. Tofauti ya nguvu kwenye kilele cha msukumo ni kubwa mno, ya kukusanya inaweza kuzidi ya kusambaa mara mia. Utafiti wa Haifa ulifanywa na mashine ya kukusanya, sasa mtu ananunua mashine ya kisigino, ambayo ni rahisi sana, anaitumia kule chini, anabandika ukutani matokeo ya mashine nyingine. Hili linaniuma kweli, kwa sababu anayelipa hana namna ya kujua, zote zinalia tak tak. Mjomba alikuwa ameambiwa milioni na nusu, vikao sita, alipe nusu kabla. Na hakuna aliyemuuliza kama ana kisukari.

Hapo ndo penye jambo kubwa kuliko mashine zote. Mshipa unaopeleka damu kwenye uume una upana wa milimita 1 mpaka 2 hivi. Ya moyo ni kama milimita 3 mpaka 4. Uchafu ule ule wa mafuta na sukari ukianza kuharibu mishipa mwili mzima, unadhani bomba gani litaziba mwanzo? Dalili ya mvua mawingu. Mara nyingi shida ya kusimama inatangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka miwili mpaka mitano, na wanaume wenye kisukari wanaipata mapema miaka 10 mpaka 15 kuliko wenzao. Mwili unakupigia simu mapema, unakupa muda, halafu sisi tunaichukua ile simu tunaenda kuinywea vumbi la Kongo.

Na kwa sababu nimelitaja, nalisema wazi. Supu ya pweza ni chakula kizuri, karanga mbichi hazina neno, kunywa kula ufurahi, ila hazizibui mshipa. Hizi poda na vidonge vya "asili" ndo vya kuogopa, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeshatoa tahadhari nyingi sana za bidhaa zinazouzwa kama mitishamba kumbe ndani kuna sildenafili, dawa ile ile ya Viagra, bila kuandikwa na bila kipimo. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, akichanganya na hiyo presha inaweza kushuka mpaka akapoteza maisha. Akijua anameza nini angekataa, lakini kaambiwa ni mizizi.

Mengine ninayosikia niyajibu haraka. Shoki wevu hairefushi uume, hakuna kitu kama hicho. Haitibu neva zilizokatika, haileti hamu, haiongezi homoni, na anayekuambia ukimaliza umepona maisha hasemi ukweli, kwa wengi walionufaika nafuu inapungua mwaka ukipita au zaidi, na ukiendelea na sigara mishipa mipya itaharibika kama ya zamani. Haina madhara makubwa yaliyoonekana, kidogo wekundu au alama ya kuvilia damu, ila mwenye dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye saratani maeneo yale aongee na daktari wake kwanza. Na ukiamka asubuhi imesimama vizuri lakini kwa mkeo inagoma, mishipa yako huenda ni mizima, tatizo liko kichwani au ndani ya nyumba, na hapo mshauri anaweza kukusaidia kuliko mashine yoyote.

Kama bado unaitaka, na sikukatazi, nenda kwa daktari wa mfumo wa mkojo, hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC wapo, sio kwa mtu mwenye chumba na mashine. Uliza mashine ni ya kukusanya au ya kusambaa, uliza jina lake ulitafute mwenyewe, uliza mapigo mangapi kila kikao. Na kama hajakupima sukari, presha, mafuta kwenye damu na testosteroni, yaani homoni ya kiume, hajakuuliza dawa unazokunywa, nyanyuka uondoke, maana kuna dawa za presha zenyewe zinaweza kuilegeza na daktari anaweza kukubadilishia, usiziache tu mwenyewe.

Mjomba nilimpeleka Jumamosi asubuhi akiwa hajala. Alikaa pale kwenye benchi kofia kaishusha machoni, muuguzi alipomchoma kidole akageuka ukutani kama mtoto. Sukari ilisoma 14, na kuanzia 7 mtu hajala ni kisukari. Presha nayo juu. Alinyamaza muda, halafu akauliza, "Kwa hiyo mjomba, ile milioni na nusu?" Nikamwambia nunua viatu vya kutembelea, mashine ya kupimia sukari na dawa, chenji itabaki nyingi. Ana miezi minne sasa kwenye dawa, anatembea kila jioni mpaka sokoni na kurudi, sigara kabakiza moja ya baada ya kula, na daktari kamuandikia kidonge cha mambo yetu kwa kipimo kidogo baada ya kuhakikisha moyo uko sawa. Juzi kapiga tena simu, mchana kweupe, hakuuliza mvua wala mafuta. Kaniambia tu shangazi yako anakusalimia sana, anasema siku ukija atakupikia pilau.